Walitaka Kunivisha Sura ya Marehemu Dada

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, ngoja nikuvushe haraka.

Mimi ni Jovitha Anatory, binti wa Nyakakika, mama wa mtoto mmoja, Eliud. Dada yangu Avelina alifariki bila kuacha mtoto. Wazee wakakaa na lubisi, pombe yao ya ndizi, wakaamua nyumba yake isizimike. Nikatolewa darasa la jioni pale Kayanga, nikapelekwa Murongo kwa shemeji yangu Dastan, wakala wa forodha, niwe mke wake. Padri hakutufungisha. Kitanda kilitosha.

Dastan alinivisha vitenge vya marehemu. Akaniita kwa jina la marehemu. Na kwa kuwa kadi ya bima ya kazini kwake ilikuwa bado na jina la Avelina, kila nilipougua nilikwenda dirishani nikaitika, "Ndiyo, Avelina ndiye mimi." Tulifanana kiasi cha kumpita karani mwenye foleni ndefu. Hata kliniki ya mimba nilikwenda kwa jina hilo hilo.

Nakiri, niliitika. Hakuna aliyenishikia mdomo.

Ndipo ikaja ile kona ya Kibingo. Pikipiki ya Clavery, bodaboda aliyenipakia, ikavamia ng'ombe wa pembe ndefu katikati ya barabara, na pembe ikanipata usoni. Shavu la kushoto likabonyea, pua ikalala, taya likakatika. Wiki tatu nikawa kitandani katika hospitali ya misheni huko Karagwe, taya limefungwa kwa waya, nakunywa uji kwa mrija, nasema kwa kalamu na daftari.

Tuliachana pale madaktari bingwa walipokuja kuweka kambi, na Dokta Projestus akamwambia Dastan, "Tuletee picha zake za kabla ya ajali. Kompyuta itatuonyesha sura yake ilikuwaje, tuirudishe."

Dastan akaleta picha. Mimi sikuonyeshwa.

Sasa sikiliza.

Alhamisi asubuhi, saa moja na nusu, Kokushubira aliingia wodini amekumbatia kompyuta kama mtu aliyebeba kuku wa mahari. Huyu alikuwa msichana wa ile kambi, kazi yake mashine tu, kisu hashiki. Siku mbili kabla alinizungushia kamera kichwani, mara juu, mara pembeni, hadi nikaona kizunguzungu.

"Dada Avelina," akasema, "leo nimekuletea wewe mwenyewe."

Nikainamisha kichwa kumsalimu.

"Hii ni ile picha ya mifupa uliyopelekwa kupigwa Bukoba. Akili mnemba imechukua upande wako mzima, imechukua na picha alizoleta mume wako, ikajenga sura ya pande tatu. Siyo ya kubandika ukutani hii. Unaizungusha, unaona hadi kisogo. Daktari ataifuata hii hii atakapokufungua saa nne. Uko tayari?"

Akabonyeza.

Kichwa kikatokea kwenye kioo. Rangi ya udongo, hakina nywele, kimefumba macho. Kikaanza kuzunguka polepole chenyewe. Nikaona kisogo, nikaona sikio, nikaona shavu likija.

Kilipogeuka mbele, nikamwona Avelina.

Pua yake ile nyembamba iliyosifiwa hadi Kayanga. Kidevu chake kilichochongoka. Paji lake. Mara ya mwisho kumwona alikuwa hivyo hivyo, amefumba macho, jeneza liko wazi sebuleni kwa mama, na inzi mmoja anatembea juu ya kitambaa.

Uji ukapanda.

"Meza!" Nesi alikuja mbio kutoka meza ya dawa. "Meza, mama Eliud! Ukitapika na hizo waya utapaliwa. Nitalazimika kuzikata zote!"

Akashika koleo dogo lililoning'inia kitandani kwangu. Nikameza. Wewe unayesoma, umewahi kurudisha tumboni kitu ambacho tumbo limekikataa? Kinarudi na moto wake wote. Machozi yanatoka kwa kukosa pengine pa kutokea.

"Furaha hiyo," Kokushubira akamwambia nesi. "Wengine huzimia kabisa."

Hapa nina kitu cha kuungama, na sijawahi kumwambia mtu.

Kile kichwa kilipozunguka mara ya pili, nilikitamani.

Dakika moja tu. Nimekua nikiitwa "mdogo wake Avelina". Wageni wakifika nyumbani walimsifia yeye sura, mimi wakanisifia kwa kupepeta maharage. Nikajiambia, Jovitha, hii imekuja bure, tena kwa mkono wa daktari. Ni nani atakulaumu?

Dakika ile ilipoisha nilijiona mchafu kama mtu aliyejipima nguo za maiti. Nikataka kunawa. Sikujua ninawe wapi.

Kokushubira alikuwa anaendelea. "Hapa palitutesa kweli. Taya likivunjika huwa linatanuka, uso unakuwa mpana. Kompyuta ilipolinganisha na picha zako ikasema taya limetanuka milimita tisa. Daktari atalibana lirudi ndani. Pua ataiinua kwa kipande cha ubavu."

Nikanyakua daftari.

TAYA LANGU HALIJATANUKA. NDIVYO LILIVYO. NI LA BABA.

Kokushubira akasoma, akacheka. "Dada, wote mnasema hivyo. Mtu akikaa na uvimbe wiki tatu anausahau uso wake."

Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika kwa herufi kubwa hadi kalamu ikatoboa karatasi.

HUYO KWENYE KOMPYUTA NI DADA YANGU AVELINA. AMEKUFA. MIMI NI JOVITHA.

Safari hii hakucheka.

Dokta Projestus akaingia wakati huo huo, Dastan nyuma yake, kanyoa, kavaa shati jeupe la Jumapili. Daktari alikuwa na fuvu mkononi. Fuvu la plastiki, jeupe, mashine yao ililitoa usiku kucha, uzi juu ya uzi. Lilikuwa fuvu langu mimi. Nikaona pale pembe ilipoingia. Juu yake walikuwa wamekwisha kukunja vyuma vidogo vya kunifungia mifupa.

"Tumpe pongezi mgonjwa wetu," daktari akasema. Kisha akaona daftari. Akasoma. Akasoma tena. "Nini hiki?"

Dastan akachungulia begani kwa daktari. Hakushtuka. Akatabasamu kwa huruma, kama unavyomtabasamia mlevi aliyeanguka msibani.

"Daktari, ndiyo haya niliyokuwa nakuambia. Kichwa kiligongwa. Alikuwa na mdogo wake, Jovitha, tulimzika. Walipendana mno. Sasa tangu ajali anajiona yeye ndiye Jovitha." Akanishika mguu juu ya shuka. "Pole, mke wangu. Yataisha."

Hivyo ndivyo nilivyokufa, saa mbili asubuhi, nikiwa macho makavu.

Nikavuta mguu. Nikaandika: MUONGO. WEWE NI SHEMEJI YANGU.

"Unaona, daktari?" Dastan akasema. "Mimi mume wake wa ndoa, leo nimekuwa shemeji."

Daktari akakuna kidevu. "Kwa walioumia kichwa hutokea. Lakini sitaki kumfungua mtu anayesema siye. Faili linasema Avelina, bima inasema Avelina, picha ni za Avelina. Kuna ndugu yake wa damu hapa?"

"Mama yake mzazi ameingia sasa hivi kutoka Nyakakika, daktari. Yuko nje na mtoto."

 Mama! Mama aliyenizaa angemaliza uongo huu kwa neno moja.

Daktari akatoka kumwita yeye mwenyewe. Dastan akasogea kwenye kompyuta. Akainama. Akapitisha kidole kwenye midomo ya kile kichwa, polepole, huku na huku.

"Alikuwa na mwanya hapa," akamwambia Kokushubira. "Mwanya mzuri sana. Mtamwekea?"

"Sisi tunafanya mifupa, kaka. Meno ni baadaye." Msichana akavuta kompyuta kidogo kwake. "Na naomba usishike kioo, kinachafuka."

Kidole kile. Miaka miwili kilikuwa kinanigusa mimi gizani, na sasa nikaelewa kilikuwa kinamtafuta nani. Ngozi ikanisisimka kutoka unyayoni kama niliyekanyaga jongoo. Nikameza tena. Nesi akanitazama, mkono kwenye koleo.

Mama akaingia. Eliud mgongoni, amefungwa kwa kitenge, kichwa kinaning'inia begani kwa bibi yake. Wiki tatu sijamwona mwanangu. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Mtoto akaniona. Akaficha uso kwenye shingo ya mama.

Sikumlaumu. Bandeji, waya, jicho moja jekundu. Hata mimi ningejificha.

"Shikamoo mama," daktari akasema.

"Marahaba, baba."

"Mama, umejaliwa mabinti wangapi?"

"Wawili, baba. Mmoja Mungu kamchukua."

"Huyu aliye kitandani ni yupi?"

Mama akanitazama shavu. Akanitazama mikono. Macho yangu akayaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Halafu akamtazama Dastan.

"Huyu ni Avelina," akasema.

Daktari akashusha pumzi. "Asante, mama. Basi saa nne, yeye ndiye wa kwanza. Mume, nifuate ukamalizie fomu."

Wakatoka, nesi naye akawafuata. Tukabaki mimi na mama na mtoto, na Kokushubira aliyejifanya anakunja nyaya.

"Usinitazame hivyo, omwana wange," mama akaanza. "Ulitaka nisemeje? Madaktari wanaondoka kesho. Nikisema wewe ni Jovitha, wanafunga mifuko yao. Kadi ni ya wizi, Dastan anakwenda jela, na wewe unabaki na hilo shimo usoni mpaka kufa. Mtoto atakula nini? Kibanja changu migomba yote imekauka kwa ugonjwa, unajua."

Nikaandika. Mama hajui kusoma. Nikamgeuzia Kokushubira daftari.

Msichana akalipokea. Akasoma kwa sauti ndogo. "Anauliza... 'Mama, mimi nimekufa?'"

"Ee waitu!" Mama akajishika kifua. "Hujafa! Ni jina tu. Jina ni nini? Umeliitikia miaka miwili, leo ndiyo linakuchoma?"

Ikanipata hasa pale palipokuwa pazima. Kwa sababu ni kweli, niliitikia.

Nikaandika tena, Kokushubira akasoma. "Anasema, 'Safari hii siyo jina. Wanaubadilisha uso. Tazama hicho kioo.'"

Mama hakuwa ameiona kompyuta. Kokushubira akaigeuza.

Kichwa kikazunguka. Kisogo, sikio, shavu.

Mama hakupiga kelele. Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya wodi, mtoto mgongoni, akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo kama anayeosha uso wa mtu mgonjwa.

"Avelina. Avelina wangu. Jamani, ni yeye. Amelala tu."

Nikapiga chuma cha kitanda kwa kalamu. Mimi niko hapa! Hakugeuka.

"Mwanangu," akasema, akiongea na mimi lakini anakitazama kile kitu, "kubali tu. Kubali, maama. Nitakuwa nikikuangalia wewe nawaona wote wawili kwenye uso mmoja."

Nilimpenda mama yangu siku ile, sifichi, na nilimchukia, na vyote viwili vilinijaa mdomoni nikashindwa kuvitema. Unaweza kumwonea kinyaa mtu aliyekunyonyesha? Mimi nilikuwa sijui kama inawezekana.

Kisha ikatokea ile ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa jikoni naacha kumenya.

Eliud akachomoa mkono kwenye kitenge. Akaunyoosha juu ya bega la bibi yake, kidole mbele, kuelekea kwenye kioo.

"Mama," akasema.

Neno lake la kwanza. Nilikuwa nimelisubiri tangu meno yalipoanza kumtoka.

"Mama. Mama."

Hata mama yangu alishtuka. Akasimama. "Nani kamfundisha huyu mtoto?"

"Mimi."

Dastan alikuwa mlangoni, fomu mkononi.

"Kila jioni kabla hajalala namnyanyua mbele ya ile picha ya ukutani, namwambia, huyu mama. Sasa mbaya ni nini? Mama yake angerudi na sura nyingine, mtoto angemkimbia. Nimemwandaa. Mnataka akue anamwogopa mama yake?"

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililonitia kichefuchefu kuliko yote. Hakujiona mbaya. Alijiona fundi aliyekuta nyumba imebomoka, akaona heri aijenge kwa ramani ya zamani aliyoipenda.

"Mama," akamwambia mama yangu kwa heshima zote, "twende ukaweke dole gumba hapo ofisini, wewe ni shahidi wa damu. Lete mtoto."

Wakaondoka naye. Eliud anageuka nyuma, anakipungia kile kichwa.

Kokushubira akafunga mlango wa wodi kwa mgongo wake.

"Dada," akasema, "nikuulize kitu. Huwa unavaa hereni nzito za kuvuta masikio?"

Nikashangaa. Nikatikisa kichwa kwamba sina.

Akaja akainua bandeji kidogo, upande wa kulia, upande wangu mzima. Akanishika ndewe ya sikio, akaivuta taratibu. Akarudi kwenye kompyuta, akaikuza picha, akakaza macho.

"Mungu wangu."

Nikamwandikia: NINI?

"Juzi mashine ilinipa alama nyekundu masikioni. Nikaipuuza, kwa sababu mume wako alisema picha ni za zamani, na akaapa ni wewe. Lakini tazama. Ndewe ya huyu wa kwenye picha imeshikana na shavu. Yako inaning'inia. Taya likivunjika uso hutanuka, sawa. Pua inalala, sawa. Sikio halibadiliki kwa pembe ya ng'ombe." Akanigeukia. "Kweli wewe siye yeye. Nilikuwa nakwenda kukufuta uso."

Nikalia. Nililia kwa pua, kwa jicho moja, kwa sauti ya ng'ombe aliyefungwa mdomo. Binadamu wa kwanza kuniamini alikuwa mgeni, na aliniamini kwa sikio.

"Sikiliza," akasema haraka. "Inawezekana bila picha. Kompyuta inachukua upande wako wa kulia, inaugeuza kama kioo, inaujenga wa kushoto. Pua tutakadiria. Hutakuwa mrembo kama huyu, sikudanganyi, na kovu litabaki. Lakini itakuwa sura yako, na hilo taya lako la baba halibanwi. Nahitaji nusu saa tu kuijenga. Vyuma anavikunja upya mle mle chumba cha upasuaji."

Nikaandika: DAKTARI ATAKUBALI?

"Nikimwonyesha masikio, atakubali kusikiliza. Lakini mimi ni mtu wa mashine, na mama yako amekwisha kuapa. Lazima uanze wewe. Hii hapa fomu mpya ya ridhaa. Andika jina lako kamili, saini, mimi nitaipeleka pamoja na picha. Mambo ya kadi yatakuwa na kesi yake, sikufichi. Utaulizwa kwa nini uliitikia."

Nikaitazama fomu. Mstari mmoja mtupu. Walimu wangu wa jioni walinifundisha kuandika barua ya kuomba kazi, barua ya kuomba ruhusa, hata muhtasari wa kikao. Hakuna aliyenifundisha kwamba siku moja nitaandika jina langu kama naiba.

Nikaanza. J. O. V.

Mlango ukafunguka.

Dastan aliingia na Eliud mkononi. Peke yao. Akaiona fomu, akaona zile herufi tatu. Nikajua sasa atainyakua, atafoka, nesi ataita mlinzi, na ingekuwa afadhali.

Hakufoka.

"Malizia," akasema. "Andika. Mimi simzuii mtu kuwa yeye."

Kokushubira akasimama kati yetu. "Kaka, mgonjwa anahitaji—"

"Binti, haya ni ya nyumbani. Nisubiri kidogo." Akatoa kitu mfukoni mwa shati. Kadi ya kliniki ya mtoto, ile yenye mstari wa kukulia, pembe zimekunjika. Akaiweka juu ya shuka langu, akaigeuza nisome vizuri. "Wewe ndiye msomi wetu. Soma jina la mama."

Sikuhitaji kusoma. Nililitaja mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku ile nilipolala na maumivu na nesi wa zamu akauliza, mama jina nani?

"Avelina Anatory," Dastan akasoma badala yangu. "Na cheti cha kuzaliwa vile vile. Na daftari la wodi ya wazazi. Kote huko Jovitha hajazaa. Jovitha ni mama mdogo wa huyu mtoto." Akamhamishia Eliud bega jingine. "Mama mdogo anakuja na mkungu wake wa ndizi, anasalimia, anaondoka. Nina dada zangu Muleba, watamlea. Leo hii hii tunaondoka."

Nikaandika: NILIMZAA MIMI. MAMA ANAJUA.

"Mama yako?" Akatabasamu lile tabasamu la msibani. "Mama yako ameweka dole gumba sasa hivi kwamba aliyezaa ni Avelina, na Avelina ndiye wewe. Atakwenda kuweka jingine la kujikana?"

Kokushubira akageuka kwangu. "Dada, usimsikilize. Kuna ustawi wa jamii, kuna vipimo vya damu, haya yanathibitishwa—"

"Miaka mingapi?" Dastan akamuuliza. "Mwambie ukweli, wewe unayejua mashine. Mpaka kipimo kije na kesi iishe, huyu mtoto atakuwa anamwita nani mama?"



Dastan akaegemea kitanda. Nikasikia harufu ya sabuni yake, ile ile aliyonunua enzi za dada, hakuwahi kuibadilisha. Akaongea chini chini, kama anayebembeleza.

"Ukitoka mle ndani una sura ya kwenye picha, Eliud atakurukia mikononi. Umemsikia mwenyewe. Utakuwa mama yake kwa jina, kwa karatasi, na kwa uso. Nakupa kila kitu, we mwanamke. Unakataa nini?"

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anachezea kifungo cha shati la baba yake. Nilitaka anitazame mara moja tu, anione machoni, kwa sababu macho ndiyo kitu pekee ambacho pembe ilikosa na picha haikugusa.

Hakunitazama. Kompyuta ilikuwa wazi, na yeye alikuwa anaitafuta.

Kule korido magurudumu ya kitanda yakalia. Sauti ya Dokta Projestus ikasema saa nne imekaribia, yuko tayari, kwa nini mgonjwa bado hajaletwa. Kokushubira akanisogezea fomu hadi ikagusa kidole changu, ile yenye herufi tatu.

"Andika, dada," akanong'ona. "Andika, nitakimbia nayo."

Dastan akachukua kadi yake ya kliniki, akaikunja, akairudisha mfukoni. Akageuka. Akaanza kwenda mlangoni na mtoto wangu, hatua moja, mbili, bila haraka yoyote.

Nesi wa chumba cha upasuaji akaingia na orodha.

"Avelina Anatory?" akaita.

Kalamu ilikuwa mkononi. Dastan akasimama kizingitini, mgongo kwangu, akisikiliza.

"Avelina Anatory, yuko wapi?"

Eliud akageuka kutoka begani kwa baba yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akanitazama.

Nikainua mkono, kama nilivyokuwa nikiitika dirishani.